Ndege za manowari kabla ya vita kuu: njia ya Uingereza, ya Japani au ya Marekani?

Mei 1942, baada ya mapigano ya Bahari ya Matumbawe, manowari mbili za kubeba ndege zilirudi nyumbani. Zuikaku ya Japani ilirudi nzima. Wakati mwenzake Shokaku inapigwa mabomu matatu, yenyewe ilikuwa imejificha ndani ya wingu la mvua. Yorktown ya Marekani ilirudi imetobolewa na bomu lililopenya sitaha hadi tumboni. Wiki chache baadaye, kwenye vita vya Midway, visiwa vidogo katikati ya Pasifiki, iliyotobolewa ilikuwepo na ile nzima haikuwepo.

Yorktown iliingia bandari ya Pearl Harbor, Hawaii, tarehe 27 Mei, mafundi wakaishughulikia usiku na mchana, na tarehe 30 ikatoka tena baharini. Sehemu kubwa ya marubani wake waliochoka ilishushwa, na mahali pao vikapanda vikosi vitatu vya manowari nyingine, Saratoga. Zuikaku ilikuwa na mabaharia wake, mizinga yake na injini zake zote. Kilichokwisha ni ndege na watu wa kuzirusha. Kwa utaratibu wa Japani kila kundi la ndege lilikuwa mali ya meli yake, na hakukuwa na kundi lingine lililokaa tayari nchi kavu likisubiri kupanda. Ikabaki bandarini.

Kila nikisoma ulinganisho wa majeshi ya majini ya wakati ule nakuta watu wanahesabu meli. Mimi naona meli ndiyo sehemu rahisi. Basi tujiweke mwaka 1936: mikataba ya kupunguza manowari inafika mwisho wake, vita vinanukia Ulaya na Asia, na wewe ndiye unayepaswa kuamua jinsi ya kukuza makundi ya ndege za manowari zako. Mbele yako kuna njia tatu zilizojaribiwa kweli. Ipi unaichukua?

Ninaposema kundi la ndege nina maana ya ndege zote za manowari moja pamoja na marubani wake, waongozaji njia, wapiga bunduki wa nyuma na mafundi. Ndani yake mna vikosi: ndege za kivita zinazopambana na ndege wenzake, ndege za mbizi zinazoshuka karibu wima na kuachia bomu, na ndege za topido zinazokuja chini kabisa karibu na maji na kuachia topido, yaani bomu linaloogelea chini ya maji hadi kwenye meli.

Walianza karibu mstari mmoja

Mkataba wa Washington wa 1922 uliruhusu Uingereza na Marekani tani 135,000 kila mmoja za manowari za kubeba ndege, na Japani tani 81,000. Mwalimu wakati huo alikuwa Mwingereza. Argus, ya mwaka 1918, ndiyo manowari ya kwanza iliyokuwa na sitaha tambarare kutoka omo hadi tezi, na mwaka 1921 ujumbe wa Waingereza ukiongozwa na Sempill ulikwenda Kasumigaura kuwafundisha Wajapani urubani wa baharini. Kwa hiyo anayedhani Uingereza ilichelewa kwa sababu haikuwa na ujuzi anakosea. Ujuzi ilikuwa nao kabla ya wote. Kilichowatenganisha ni maamuzi ya miaka 15 iliyofuata.

Ndege ngapi juu ya meli moja

Illustrious ya Uingereza, iliyoanza kazi Mei 1940, ilisanifiwa kubeba ndege 36. Shokaku ya Japani, ya Agosti 1941, ilibeba 72 na nyingine za akiba. Yorktown ya mwaka 1937 ilikuwa na vikosi vinne vya ndege 18, yaani 72 vilevile, na vitani ikavuka idadi hiyo. Na kati ya hizo tatu Yorktown ndiyo ilikuwa nyepesi kuliko zote, tani 20,000 hivi. Illustrious, yenye nusu ya ndege zake, ilikuwa na tani 23,000.

Sababu ya kwanza ni mazoea ya sitahani, na hapa Wamarekani wana deni kwa mtu mmoja, Joseph Reeves. Mwaka 1925 alikabidhiwa ndege za vikosi vya mapigano, na meli aliyokuwa nayo ni Langley, meli ya makaa ya mawe iliyogeuzwa. Kawaida ilikuwa kila ndege ikishatua inashushwa kwa lifti hadi kwenye banda la chini kabla ya nyingine kuruhusiwa kutua. Zoezi hilo lilikula dakika, na ndege zilizobaki angani zilikuwa zinakula mafuta. Reeves akaagiza ndege iliyotua isukumwe mbele, kisha uzio wa nyaya uinuliwe nyuma yake, inayofuata itue bila kusubiri lifti. Sitaha yenyewe ikawa maegesho. Langley, meli ndogo na ya polepole, ikafika kubeba ndege 42. Hakuna aliyeongeza hata tani moja ya chuma. Kwangu huu ndio upanuzi wa bei rahisi kuliko wote katika habari hii, na ulipatikana kwa kuwakimbiza vijana wa sitahani hadi wakazoea.

Waingereza waliendelea kuzifungia ndege zao chini. Walikuwa na sababu: Atlantiki ya kaskazini ina mawimbi na chumvi inayotafuna mabati na turubai. Lakini sababu kubwa ilikuwa nyingine. Mwaka 1936 hakukuwa na rada kwenye manowari zao. Ndege za adui zingeonekana kwa macho, na hadi ndege zako za kivita zipande juu, mabomu yangekuwa yameshaanguka. Kama huwezi kuzuia bomu, basi jenga meli inayolistahimili. Ndiyo hoja ya Admirali Reginald Henderson, na ndiyo iliyozaa sitaha ya deraya, yaani bamba la chuma cha kinga, ya unene wa inchi 3 na kuta za banda za inchi 4.5. Chuma hicho kilikuwa kizito na kiko juu, kwa hiyo meli ikabaki na banda moja badala ya mawili, na idadi ya ndege ikashuka. Ark Royal, iliyotangulia bila deraya ya namna hiyo, ilisanifiwa kwa ndege 72.

Sitaki kuwabeza kwa hilo. Walifikiri vizuri kwa maarifa ya mwaka ule. Ila rada ilikuja miaka michache tu baadaye, na hesabu yote ikageuka, wakati meli tayari zilikuwa kwenye vyelezo.

Angalia siku ya 10 Januari 1941 karibu na Malta. Illustrious ilikuwa na ndege chache za kivita aina ya Fulmar. Ndege mbili za topido za Italia zikaja chini, Fulmar zilizokuwa zinalinda zikashuka kuzifukuza, na ndipo ndege za mbizi za Wajerumani zilipotokea juu. Illustrious ilipigwa mabomu sita. Meli nyingine nyingi za enzi hizo huenda zingekuwa chini ya bahari, lakini yenyewe ilijikokota hadi Malta, kisha ikavuka bahari hadi Norfolk, Virginia, kutengenezwa kwa miezi mingi. Miezi minne baadaye Formidable nayo ikapigwa karibu na Kreta, ikaenda Marekani vilevile. Kwa kipindi kirefu cha 1941, basi, deraya iliziokoa meli ambazo hazikuwepo vitani.

Upande wa pili wa sarafu ulionekana karibu na Okinawa mwaka 1945. Tarehe 4 Mei rubani wa kujitoa mhanga aliiangukia Formidable kwenye sitaha. Saa chache baadaye ndege zilikuwa zinatua tena. Tarehe 11 Mei wawili waliiangukia Bunker Hill ya Marekani, ambayo sitaha yake ya kurukia ilikuwa ya mbao, wakafa karibu watu 400, na meli hiyo haikurudi tena kwenye vita hivyo. Wakati huo, hata hivyo, Waingereza walikuwa wameshaiga maegesho ya sitahani na kuongeza ndege zao. Walichukua dawa ya Reeves wakiwa wamechelewa miaka 15.

Japani ilisimama katikati na ikapata hasara ya pande zote mbili. Mabanda yake yalikuwa mawili au matatu, ya kufungwa, bila deraya juu, na ndege zilijazwa mafuta na mabomu humohumo ndani. Mabanda ya Wamarekani yalikuwa wazi pembeni: hewa inapita, injini inaweza kupashwa moto, na bomu la hatari linaweza kusukumwa baharini. Moto ulipoingia ndani ya mabanda ya Akagi, Kaga na Soryu kule Midway asubuhi ya 4 Juni 1942, haukuwa na pa kutokea.

Ndege ni za nani?

Hili halionekani kwenye picha za meli, lakini nadhani liliiumiza Uingereza kuliko uchache wa ndege. Tarehe 1 Aprili 1918 Jeshi la Anga la Kifalme lilipoundwa, jeshi la majini liliwakabidhi watu wake wote wa ndege, zaidi ya 55,000. Kwa karibu miaka 20 iliyofuata ndege za manowari zilinunuliwa na kusimamiwa na jeshi lingine, lenye mambo yake ya kwanza, nayo yalikuwa mabomu ya masafa marefu na ulinzi wa visiwa vyao. Uamuzi wa kuzirudisha ulitolewa Julai 1937, na makabidhiano yakakamilika Mei 1939. Vita vilianza Septemba. Walikuwa na ndege 232 za mstari wa mbele.

Na zilikuwa ndege gani! Swordfish, ndege yao ya topido, ilikuwa na mabawa mawili yaliyovikwa kitambaa na rubani aliyekaa wazi upeponi, ikikimbia kilomita 220 hivi kwa saa. Nakajima B5N ya Japani, ya miaka hiyohiyo, ilikuwa ya chuma na ilifika kama kilomita 370. Nakiri kwamba hizo Swordfish ndizo zilizokwenda Taranto usiku wa 11 Novemba 1940, ndege 21 tu, zikapiga manowari kubwa tatu za Italia na kupoteza mbili. Ndizo zilizouvunja usukani wa Bismarck, manowari kubwa ya Ujerumani, Mei 1941. Nawavulia kofia marubani wale. Lakini ushujaa wao usitumiwe kama ushahidi kwamba mpango ulikuwa mzuri. Walishambulia gizani au katika hali mbaya ya hewa kwa sababu mchana, mbele ya ndege za kivita za kisasa, Swordfish haikuwa na nafasi.

Hasara nyingine ni ya maofisa. Waliohama mwaka 1918 ndio wangekuwa maadmirali wa miaka ya 1930. Marekani ilifanya kinyume: mwaka 1926 sheria ilitaka anayeongoza manowari ya kubeba ndege awe mtu wa urubani. Ndiyo sababu Ernest King, admirali wa baadaye, alijifunza urubani akiwa na miaka 48, na William Halsey akapata mabawa yake mwaka 1935 akiwa na miaka 52, umri ambao wengi wanafikiria pensheni. Japani haikuwa na sheria kama hiyo, lakini ilikuwa na Admirali Yamamoto, aliyekuwa nahodha wa Akagi na baadaye mkuu wa ufundi wa ndege za majini, mtu aliyejua kiwanda kimoja kimoja kinaweza nini.

Marubani: wachache waliopikwa vizuri, au wengi wanaotosha

Hapa ndipo njia tatu zinapoachana kabisa.

Japani ilichuja. Vijana waliingia kwenye shule za majini wakiwa wadogo, wakafundishwa miaka, na wengi wakaachwa njiani. Vita vya China kuanzia 1937 viliwapa uzoefu ambao hakuna Mmarekani wala Mwingereza wa baharini aliyekuwa nao. Kisha, Aprili 1941, Japani ikafanya jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifikiria kwa ukubwa ule: ilikusanya manowari zake za kubeba ndege chini ya amri moja, Kikosi cha Kwanza cha Anga, ili makundi ya meli mbalimbali yaruke pamoja kama jeshi moja. Wazo hilo lilisukumwa na Admirali Ozawa Jisaburo, na fundi wake alikuwa Genda Minoru. Matokeo yalionekana 7 Desemba 1941: manowari sita, ndege 350 hivi katika mawimbi mawili juu ya Pearl Harbor, hasara ndege 29. Kama vita vingeisha ndani ya miezi sita, ningekuambia funga mjadala, chagua Japani.

Lakini chungulia chini ya mkeka. Shokaku na Zuikaku zilipomalizwa Agosti na Septemba 1941, hakukuwa na marubani wa ziada wa kuzijaza. Ilibidi wachomolewe kwingine. Ryujo ilikwenda kushambulia Ufilipino mwezi Desemba ikiwa bado na ndege za kivita za zamani, A5M, ambazo magurudumu yake hata hayakunjwi, kwa kuwa Zero, ndege mpya za kivita, zilikuwa zimepewa manowari kubwa na vikosi vya nchi kavu. Na hizo Zero zilitoka kiwandani Nagoya kwenda kiwanja cha Kagamigahara zikikokotwa na ng'ombe, kwa sababu kiwanda hakikuwa na uwanja wa kurukia na barabara zilikuwa mbovu kwa malori. Nchi iliyokuwa na ndege bora kabisa ya baharini iliipeleka uwanjani kwa mwendo wa mkokoteni.

Watu husema marubani wa Japani walikwisha Midway. Sivyo. Waliokufa pale kati ya waliorusha ndege ni 110 hivi, wengi waliokolewa. Walikwisha polepole baadaye, kwenye visiwa vya Solomon, ambako tarehe 26 Oktoba 1942 peke yake, karibu na Santa Cruz, walikufa karibu 150, na kwenye viwanja vya ndege vya Rabaul ambako makundi ya manowari yaliteremshwa kupigana kutoka nchi kavu. Kila aliyekufa alikuwa na miaka kadhaa ya mafunzo, na nyuma yake foleni ilikuwa fupi.

Marekani ilianza na sheria. Mwaka 1935, miaka sita kabla ya Pearl Harbor, ilipitisha sheria ya kuwachukua vijana waliosoma chuo, kuwafundisha urubani mwaka mmoja huko Pensacola na kuwapeleka vikosini. Utaratibu wa kwanza ulikuwa na dosari: vijana hao walihudumu miaka bila cheo cha uofisa, wakakaa meza moja na wenzao wenye vyeo kwa kazi ileile. Wakanung'unika, na mwaka 1939 sheria ikarekebishwa. Napenda kisa hicho kwa sababu kinaonyesha faida ya kuanza mapema: makosa unayagundua wakati wa amani.

Idadi ya ndege ilifuata. Sheria ya 1938 iliruhusu jeshi la majini ndege zisizopungua 3,000. Kisha Ufaransa ikaanguka. Tarehe 14 Juni 1940, siku ambayo Wajerumani waliingia Paris, idadi ikapandishwa hadi 4,500. Kesho yake ikawa 10,000. Tarehe 19 Julai, 15,000. Mtu anaweza kusema hizo ni tarakimu za karatasini, na siku ile zilikuwa hivyo. Lakini Oktoba 1940 kituo kipya cha mafunzo kilifunguliwa Jacksonville, na Machi 1941 kingine Corpus Christi. Manowari ya kwanza ya aina ya Essex ilianza kujengwa mwezi uliofuata, Aprili 1941, na kuingia kazini siku ya mwisho ya 1942. Kwa maneno mengine, mashule yalifunguliwa kabla ya msingi wa meli kulazwa. Meli ilipomalizika, marubani walikuwa wanaisubiri gatini.

Na wakawa na utaratibu wa kumrudisha nyumbani rubani mzoefu akafundishe. Japani ilimwacha vitani hadi afe. Akiba haiozi, wanasema wazee, na rubani anayefundisha ni akiba inayozaa.

Njia ya Marekani nayo ilikuwa na mashimo yake, na anayeichagua ayajue. Ndege yao ya topido, Devastator, ilikuwa ya kisasa mwaka 1937 na jeneza mwaka 1942. Asubuhi ya Midway ziliondoka 41 kutoka manowari tatu, zikarudi chache za kuhesabu kwa vidole. Za Hornet zilikuwa 15. Hazikurudi hata moja, na akapona mtu mmoja tu. Topido zenyewe zilikuwa mbovu. Ndege za mbizi za Hornet, manowari iliyokuwa mpya ya miezi michache, hazikuwaona Wajapani kabisa asubuhi hiyo, na ndege zake kumi za kivita ziliishiwa mafuta zikaanguka baharini. Kila kundi la Kimarekani liliruka kivyake. Siku hiyohiyo Wajapani walirusha ndege 108 kutoka manowari nne, zikajipanga pamoja na kuondoka kama msafara mmoja. Kwa nidhamu ya pamoja Japani ilikuwa mbele, na Marekani ilichukua mwaka mzima na zaidi kuifikia.

Kuna jambo dogo zaidi nalitaja kwa wanaopenda ufundi. Kabla ya Midway ndege za kivita za kila kundi ziliongezwa kutoka 18 hadi 27 kwa kuleta Wildcat mpya yenye mabawa ya kukunja. Marubani walilalamika: ni nzito, inapanda juu polepole, na risasi zinakwisha upesi kuliko ile ya zamani. Walikuwa na haki. Lakini ndege tisa zaidi juu ya sitaha ileile ni ndege tisa zaidi.

Aprili 1942, Bahari Hindi

Ukitaka kuona njia ya Uingereza na ya Japani zikisimama uso kwa uso, usiende mbali. Mwanzoni mwa Aprili 1942 Admirali Nagumo wa Japani aliingia Bahari Hindi na manowari tano za kubeba ndege, zenye ndege karibu 300. Admirali Somerville wa Uingereza alikuwa na Indomitable na Formidable, mbili za deraya, ambazo ndege zake zote kwa pamoja hazikufika mia, na Hermes ndogo ya zamani. Tarehe 5 Aprili ndege za mbizi 53 za Japani zilizizamisha Cornwall na Dorsetshire, manowari mbili za mizinga za Uingereza, kwa muda usiozidi dakika 20. Tarehe 9 wakaipata Hermes karibu na pwani ya Ceylon, Sri Lanka ya leo. Hermes, manowari ya kwanza kabisa duniani kusanifiwa tangu mwanzo kwa ajili ya kubeba ndege, ilizama ikiwa haina ndege hata moja ndani.

Somerville alifanya la busara: alijiweka mbali mchana na kutafuta nafasi ya kushambulia usiku, kwa kuwa ndege zake za Albacore zilikuwa na rada na za Nagumo hazikuwa nayo. Nafasi haikupatikana. Manowari zake za vita za zamani zikarudi nyuma hadi Kilindini, na Mombasa ikageuka makao ya kundi zima la mashariki. Viwanja vya pwani yetu, Port Reitz na Tanga, vikapokea vikosi vya ndege za manowari meli zilipokuwa bandarini. Hivyo hesabu iliyofanywa London mwaka 1936, ndege 36 au 72, iliwafikia hata wapagazi wa gati la Kilindini.

Kama muda umekwisha

Kuna njia ya mkato, na wote waliigusa: kugeuza meli za mizigo. Marekani iliichukua Mormacmail Machi 1941 na mwanzoni mwa Juni ikawa manowari Long Island. Uingereza iliigeuza meli ya Wajerumani iliyotekwa ikawa Audacity, yenye ndege sita za Wildcat zilizolala sitahani kwa sababu banda halikuwepo. Ilizamishwa na nyambizi Desemba 1941, lakini katika miezi yake michache ilionyesha kwamba hata ndege sita zinaweza kuulinda msafara wa meli za chakula dhidi ya ndege na nyambizi. Ni nzuri kwa kulinda misafara. Usiipeleke mbele ya Shokaku.

Uchague ipi

Kama bahari yako ni nyembamba, na viwanja vya ndege vya adui viko pande zote kama Mediterania ilivyokuwa, chukua deraya ya Kiingereza lakini egesha ndege sitahani tangu siku ya kwanza. Usikubali ndege zako zimilikiwe na jeshi lingine. Hilo sioni hali yoyote ambayo lingefaa.

Kama una uhakika vita vitakuwa vifupi, na uhakika huo umeupata kwa mtu asiye na haja ya kukufurahisha, njia ya Japani ndiyo kali kuliko zote. Hata kama huichukui, iba wazo lake la kuzikusanya manowari na kuzirusha pamoja. Ni wazo bora kuliko yote yaliyotoka upande wowote, na lilikuja bila kuongeza ndege hata moja.

Mimi ningechukua ya Marekani, kwa mpangilio ule ule: sheria ya marubani, kisha mashule, kisha viwanda vya ndege, na meli mwisho. Ningeongeza mambo mawili ambayo wao hawakuyafanya. Topido zote zingejaribiwa baharini wakati wa amani, hata kama ni ghali. Na makundi mawili ya manowari tofauti yangelazimishwa kuruka pamoja kila mwezi hadi yazoeane. Fedha za hayo ningezipata kwa kuahirisha manowari moja kubwa ya mizinga, na najua ningegombana na kila admirali mwenye mvi.

Juni 1944, karibu na visiwa vya Mariana, Japani ilikuwa imefanikiwa kukusanya tena manowari tisa zenye ndege zaidi ya 400. Marubani wengi walikuwa na miezi michache tu ya mafunzo. Wamarekani walikuja na manowari 15 na ndege 900 hivi. Ndani ya siku mbili Japani ilipoteza zaidi ya ndege 300 za manowari. Aliyekuwa akiwaongoza ni Ozawa, yuleyule aliyetaka manowari zikusanywe pamoja. Oktoba mwaka huohuo alipewa kazi nyingine: kuwavuta Wamarekani kaskazini awe chambo, akiwa na manowari nne na ndege zisizofika hata 120. Bendera yake ilikuwa juu ya Zuikaku, ile iliyorudi nzima kutoka Bahari ya Matumbawe. Ilizamishwa tarehe 25.